Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Kuwekewa Mikono: Juu ya Sharti la Tatu

Mwanangu mpendwa,

Salamu katika jina la Bwana. Ujumbe wako wa Jumapili umenifikia, nikausoma mara mbili pale barazani, kisha nikainuka kwenda kumwagilia miche ya mipapai kwa sababu sikutaka kukujibu moyo ukiwa bado unawaka. Unasema siku ya kuwekewa mikono imekwisha kupangwa, parishi umeonyeshwa, na matangazo ya ndoa yenu yataanza kusomwa kanisani mwezi ujao. Kwa hayo yote ninamshukuru Mungu, na bibi yako alipoambiwa alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Lakini mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja jambo dogo lisilohitaji jibu, umeandika kwamba wewe na mchumba wako mmepatana kama Richard Baxter, yule mchungaji Mwingereza wa zamani, alivyopatana na mkewe, yaani kwamba mke hatadai muda wowote ambao huduma yako itauhitaji, na kwamba binti wa watu amekubali kwa furaha. Neno hilo limeninyima usingizi usiku wa nne huu.

Insha yako juu ya Baxter niliisoma yote uliponiletea wakati wa likizo. Walimu wako waliisifu, nami niliionyesha kwa watu ambao hata hawasomi, kwa kuwa nilijivuna kuona mtoto niliyemfundisha irabu mezani kwangu anaandika hivyo juu ya wachungaji wa Uingereza wa karne ya kumi na saba. Ila insha ile inakoma mwaka 1660. Baada ya hapo mke wake anatajwa katika sentensi moja tu, na sentensi yenyewe inahusu tarehe ya harusi. Tangu Jumapili nimekuwa nikisoma vitabu vya marehemu baba yako vilivyobaki kwenye sanduku la bati, pamoja na kile kitabu kidogo ambacho Baxter alikiandika juu ya mkewe mwaka 1681, kile ulichokiacha juu ya kabati bila kukifungua. Kiingereza chake ni kizito na kamusi yangu imepoteza kurasa za herufi ya mwisho, lakini nilifundisha historia miaka 31 na najua kusoma polepole. Kwa hiyo sikuandikii kwa hasira ya mama mkwe. Nakuandikia kwa sababu umemchukua mtu huyu awe kielelezo cha nyumba yako, na maisha yake umeyasoma nusu.

Habari za utoto wake unazijua, sitazirudia, isipokuwa jambo moja ambalo katika insha yako ulilipita mbio. Alizaliwa Rowton, katika jimbo la Shropshire, tarehe 12 Novemba 1615, na miaka kama kumi ya kwanza aliishi kwa babu yake mzaa mama kwa sababu baba yake alikuwa ameielemeza nyumba kwa madeni ya kamari. Baba huyo aliongoka kwa kuisoma Biblia peke yake, akamchukua mwanawe, na Jumapili jioni, wakati kijiji kizima kikicheza ngoma kuzunguka mlingoti karibu na mlango wao, yeye alikaa ndani akisoma Maandiko na watu wa nyumbani mwake. Kwa kosa hilo tu walimwita Mpuritani, yaani mshika dini kupita kiasi, na neno hilo lilikuwa tusi. Mapadri wa eneo lile walikuwa wengine walevi, wengine hawajui hata kuhubiri. Siku moja mchuuzi maskini alipita mlangoni na vitabu, baba akanunua kimoja, na kijana akafunguliwa macho nacho. Chuo kikuu Baxter hakukanyaga kamwe. Nalitaja hili kwa sababu wewe unaandika kana kwamba uchungaji wake ulichipuka kwenye mimbari, nami naona ulichipukia sebuleni, kwa baba aliyekuwa na nafasi ya kukaa na mtoto.

Sasa nije Kidderminster, mahali palipokuteka. Nami pamenishika, sitakuficha. Aliwekwa kuwa shemasi mjini Worcester Desemba 1638, akaingia Kidderminster mwaka 1641, akakimbizwa na vita vya Mfalme na Bunge, akawa mchungaji wa askari wa Bunge mpaka afya yake ikavunjika mwaka 1647 kwa kutokwa damu puani bila kukoma. Aliporudi mjini akakaa mpaka mwaka 1660. Ulikuwa mji wa wafumaji, na yeye mwenyewe anaisifu kazi yao kwa kuwa mtu aliweza kuweka kitabu mbele yake huku mikono ikiendelea kufuma. Kanisa lilijaa mpaka ikabidi zijengwe roshani tano. Anasema alipofika kulikuwa na familia kama moja tu katika mtaa mzima iliyomwabudu Mungu nyumbani, na alipoondoka ilikuwapo mitaa ambayo upande mzima ulikuwa na familia isiyozidi moja isiyofanya hivyo. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikamkumbuka baba yako na parishi ile ya kwanza, ile unayoijua.

Na ratiba yake nimeiandika kwenye daftari ili niione vizuri. Siku za Jumatatu na Jumanne, tangu asubuhi hadi karibu usiku, yeye na msaidizi wake walizungumza na familia 15 au 16 kwa wiki, kila moja karibu saa nzima, wakisikiliza katekisimu na kuuliza hali ya roho ya kila mtu kwa upole, hata familia zaidi ya 800 za parishi zikafikiwa zote ndani ya mwaka mmoja. Msaidizi alizunguka vijijini, na watu wa mjini walimwendea Baxter mwenyewe. Juu ya hapo alihubiri, alikusanya wachungaji wa wilaya, alitibu wagonjwa bila malipo kwa miaka kadhaa kwa sababu mji haukuwa na daktari, na aliandika vitabu usiku huku mwili wake wote ukiuma. Kitabu chake juu ya kazi ya mchungaji, kilichotoka mwaka 1656, umekipigia mistari karibu kila ukurasa. Mwanangu, mtu yule hakuwa na mke. Hakuwa na mtoto wa kupeleka zahanati. Aliamini, na alisema waziwazi, kwamba mchungaji asioe isipokuwa ana sababu nzito, kwa maana kundi na nyumba vyote viwili vinataka mtu mzima. Katika hilo alikuwa mkweli kuliko wachungaji wengi niliowaona. Wewe unataka kuichukua ratiba ya mseja na kuiingiza katika nyumba ya mwenye mke, kisha unamwomba mke atie sahihi.

Na maneno ambayo kitabu kile kimejengwa juu yake, Matendo 20:28, wewe umeyaandika hata kwenye jalada la Biblia yako. Yaangalie tena yanavyoanza: jitunzeni nafsi zenu, ndipo lifuate kundi.

Sasa nakuja kwenye yale ambayo insha yako haikuyafikia. Mwaka 1660 Mfalme Charles wa Pili alirudishwa, na Baxter, ambaye hakuwahi kukubali kuuawa kwa baba yake mfalme huyo, alitakiwa awe askofu wa Hereford akakataa. Mwaka 1661 alikaa na maaskofu katika jumba la Savoy mjini London kujadili Kitabu cha Sala, akaandika liturujia nzima kwa muda wa wiki mbili, nayo haikupokelewa. Akataka kurudi Kidderminster hata kama msaidizi tu, akanyimwa. Kisha ikapitishwa sheria iliyomtaka kila mchungaji akubali kila kilichomo katika Kitabu cha Sala cha 1662, ambacho ndicho mzazi wa kitabu utakachokabidhiwa wewe mbele ya askofu, na ambaye hakuwa amewekewa mikono na askofu awekewe upya. Ilipofika tarehe 24 Agosti 1662, wachungaji wapatao 2,000, ukihesabu na waliotolewa tangu 1660, walikuwa wamepoteza parishi zao na nyumba zao na mishahara yao. Baxter hakungoja siku hiyo. Alikwisha kuacha kuhubiri tangu Mei, ili wenzake wajue mapema ameamua nini. Mimi ni mwana wa kanisa letu na sipendi kusikia likisemwa vibaya, lakini nilipowafundisha watoto habari hizi sikuweza kusema kwamba siku ile kanisa lilifanya vema.

Fungua daftari lako uandike tarehe mbili. Ya kwanza ni hiyo 24 Agosti 1662. Ya pili ni 10 Septemba 1662, siku aliyomwoa Margaret Charlton. Kati yake kuna siku 17. Yeye alikuwa na miaka 46, na binti alikuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 20. Masharti aliyoyaweka yalikuwa matatu: kwamba hatachukua chochote kilichokuwa mali ya mkewe kabla ya ndoa, kwamba mke apange mambo yake ili yeye asije akaingizwa katika kesi za mahakamani, na la tatu, kwamba mke asitazamie sehemu yoyote ya muda ambao kazi ya uchungaji itauhitaji. Basi nakuuliza kama nilivyokuwa nikiwauliza wanafunzi wangu: siku alipotamka sharti la tatu, alikuwa na parishi gani? Hakuwa nayo. Aliulinda muda wa huduma katika majuma yaleyale ambayo sheria ilikuwa imemfungia mlango wa kila mimbari. Nadhani alizungumza kama mtu aliyezoea miaka mingi ya useja, kama mjane anayeendelea kupakua ubwabwa wa watu wawili.

Sharti la kwanza ninalikubali, tena ningependa ulichukue. Kwa sheria za Uingereza za wakati ule mali ya mwanamke ilihamia kwa mumewe akishaolewa, na Baxter alikataa watu wasipate kusema alioa fedha. Cherehani ya mchumba wako na kile kiwanja alichopewa na mjomba wake viandikwe kwa jina lake na vibaki hivyo, na siku parishi itakapoishiwa fedha za mabati usimtazame yeye. La pili halikuhusu. Lakini hilo la tatu, mwanangu, lirudishe. Mwambie kwamba ulikosea kuomba.

Nataka umjue mwanamke mwenyewe, maana kwenu chuoni inaonekana hakuna aliyewasimulia. Alikuwa msichana mdogo wakati ngome ya Apley, nyumba ya ndugu yake, iliposhambuliwa na askari katika vita, sehemu ikachomwa moto na watu wakauawa mbele ya macho yake, na hofu ile haikumtoka maisha yake yote. Mama yake alihamia Kidderminster ili asikie mahubiri ya Baxter, naye binti aliufuata mji ule shingo upande, akipenda nguo nzuri na hadithi za mapenzi, hata neno lilipomwingia. Kisha akaugua mapafu akakaribia kufa, na watu wa parishi wakafunga na kumwombea, akapona. Huyo ndiye aliyelikubali sharti la tatu. Naye kwa kweli hakumdai muda. Alifanya jambo ambalo Baxter hakulitarajia: alitoa muda wake na fedha zake kumrudishia huduma aliyonyang'anywa. Kule London alikuwa akimtafutia vyumba vya kuhubiria, akilipa kodi, akihimiza, akihama naye nyumba baada ya nyumba. Mwaka 1674 Baxter alikuwa akihubiri katika jumba la soko la St James's, umati umejaa ghorofani, boriti kubwa ikapasuka kwa kishindo. Yeye alibaki akiwatuliza watu. Margaret alishuka ngazi mbio, akamuuliza mtu wa kwanza aliyekutana naye kama anaweza kumpatia seremala, na kumbe mtu huyo mwenyewe alikuwa seremala, akaenda kuweka nguzo chini ya boriti, na watu wote wakatoka salama. Hofu ya siku ile ilimkaa mwilini mpaka kufa kwake. Hata hivyo alijenga kanisa dogo katika mtaa wa Oxendon ili mumewe apate mahali imara pa kuhubiri.

Tena walipomfunga Clerkenwell mwaka 1669 kwa kosa la kuhubiria watu nyumbani kwake Acton, Margaret aliingia gerezani pamoja naye, akachukuza kitanda chao kilicho bora kuliko vyote wakalale nacho huko, na Baxter anasema hakupata kumwona mchangamfu kama siku za gereza. Nilikaa muda mrefu juu ya ukurasa huo. Baba yako aliwahi kuniambia nilikuwa mchangamfu wakati wa ile miezi mitatu alipolala kitandani na mguu umevunjika kwa ajali ya pikipiki, wakati parishi nzima ilipomjia kwa zamu na yeye asiweze kwenda popote. Nilimkemea, nikasema hilo si neno la kumwambia mwenye kumuuguza. Lakini ilikuwa kweli.

Na Baxter mwenyewe alisema nini baada ya yote? Margaret alifariki tarehe 14 Juni 1681, baada ya miaka karibu 19 ya ndoa isiyokuwa na mtoto, na mumewe akaandika habari zake mwaka uleule, huzuni ikiwa mbichi. Humo anaandika kwamba mkewe alimwona angefanya vema zaidi kama angeandika vitabu vichache, na kuutumia muda huo katika ibada pamoja naye, pamoja na watu wa nyumbani na majirani maskini. Anaandika kwamba mkewe alitazamia kuona ndani yake wema mwingi kuliko ule aliouona. Anasema sisi sote ni kama picha zisizofaa kutazamwa kwa karibu mno, kwamba wanaotukaribia huyaona makosa ambayo wa mbali hawayajui. Anakiri kwamba mkewe alikuwa akimwonya yeye Baxter anaposema maneno ya haraka, hata anapokunja uso. Na anasema kwamba, ukiacha maswali yanayohitaji elimu ya vitabu, mwanamke yule alijua kutatua fumbo la dhamiri kuliko wengi wa wanateolojia aliowahi kuwafahamu. Fikiria hilo. Mshauri wa namna hiyo alikuwa amekaa naye meza moja, na sharti la tatu lilikuwa limekwisha kumwambia asiombe muda.

Usidhani naidharau kalamu yake. Aliandika vitabu zaidi ya 130, na katika kimoja, cha mwaka 1673, aliwaita wanaoteka Waafrika na kuwauza kuwa wezi wa aina mbaya kuliko karibu wote duniani, ingawa hakufika mahali pa kukataza kila utumwa. Maneno hayo yalichapwa miaka 200 kabla soko la watumwa la Zanzibar halijafungwa mwaka 1873, na nilipokuwa nikiwapeleka wanafunzi pale Mkunazini, kwenye kanisa kuu lililojengwa juu ya uwanja wa soko lile, nilitamani ningekuwa nimelisoma jambo hili mapema niwaambie. Kwa hiyo andika, mwanangu, una kipaji cha kuandika. Nasema tu kwamba mtu aliyeandika hivyo, na aliyeandikiana barua na John Eliot aliyewapa watu wa Massachusetts Biblia kwa lugha yao mwaka 1663, alikuwa na nafasi ya kusikia yaliyo mbali sana, na wa karibu akalazimika kumkumbusha kwamba yupo.

Wewe utasema kwamba mchumba wako amekubali kwa hiari. Mimi pia nilikubali kwa hiari, na sikuwekewa sharti na mtu. Baba yako hakuniomba kamwe nisimdai muda. Mimi ndiye niliyemzuia mlangoni kila aliyetaka kumsumbua anapoandaa mahubiri, na wa kwanza kuzuiwa unamjua alikuwa na miaka mingapi na alikuwa ameshika nini mkononi. Mwaka ule nilipolazwa, wazee wa kanisa walitaka kumpigia simu kwenye semina, nikawaambia wasimpigie, nikasifiwa kuwa mama mchungaji wa mfano. Sifa zile zilikuwa tamu kuliko nilivyokiri kwa mtu yeyote. Alipokuja kujua hakunikasirikia, ila alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha hospitali akauliza ni mambo mangapi mengine ambayo sikumwambia. Sikumjibu. Labda hata hilo sharti lako hukulitoa kwa Baxter. Labda ulilikuta nyumbani.

Kwa hiyo ninapokusihi ulirudishe sharti la tatu, sikusihi kama mtu aliyefanya vizuri. Sisemi uache kuzitembelea nyumba za watu. Zitembelee zote, ukiweza kufikisha nusu ya hesabu ya Kidderminster nitakuja mwenyewe kumshukuru Mungu katika madhabahu yako. Lakini katika daftari la ziara, nyumba ya kwanza kuandikwa iwe nyumba yako. Kaa naye saa nzima kila wiki kama Baxter alivyokaa na wafumaji, umuulize hali ya roho yake bila kushika simu, na unyamaze anapojibu. Akikuambia hapana, asisikie kwako kwamba ni shetani anayezuia kazi. Posho yako ajue ni kiasi gani. Wageni wa kanisa wasifike na njaa bila yeye kuambiwa, kwa sababu unga hauongezeki kwa kuombewa tu, na hili nalisema nikiwa nimewalisha wajumbe wa sinodi kwa debe moja la mtama. Usiwe na mazoea ya kurudi usiku ukidhani kanzu nyeupe inatosha kuwa maelezo.

Mwisho wa Baxter pia usiusahau, maana ulinitoa machozi. Mwaka 1685, akiwa na karibu miaka 70 na mwili umejaa maumivu, aliletwa mbele ya jaji Jeffreys kwa sababu ya maelezo aliyoyaandika juu ya Agano Jipya, akatukanwa hadharani, akatozwa faini ya marki 500, hesabu ya fedha ya Uingereza ya wakati ule, naye kwa kushindwa kulipa akakaa kifungoni kama mwaka mmoja na nusu. Safari hii hakuwapo wa kuchukuza kitanda. Aliishi mpaka tarehe 8 Desemba 1691, miaka kumi baada ya mkewe, na wanasema alipoulizwa hali yake katika saa za mwisho alijibu kwamba amekaribia kupona. Mimi humwazia katika ile miaka kumi kuliko katika miaka yote ya Kidderminster.

Mambo ya hapa ni haya. Washenga watakwenda Jumamosi ya pili ya mwezi, na baba yako mdogo atasimama mahali pa baba. Ng'ombe mmoja tumemtenga, yule mwekundu, wa pili atatoka kwa shangazi yako akishavuna alizeti. Mguu wa bibi umepungua uvimbe, na anauliza kwa nini hujampigia tangu Pasaka; nimemwambia una mitihani, nikakumbuka kwamba mitihani ilikwisha. Kanzu ya baba yako nimeifua na kuipiga pasi. Mabegani itakutosha, urefu itabidi ipunguzwe kidogo, basi usinunue nyingine. Ukishazungumza na mchumba wako nijulishe alivyosema, na unijulishe maneno yake, si muhtasari wako. Akisema kwamba hana neno, muulize tena baada ya siku mbili.

Jambo la mwisho ni kitanda. Mbao za mninga alizoziacha baba yako zimekaa darini miaka sita zikikauka, na nimekubaliana na fundi awatengenezee kitanda kizuri, cha kuwafaa popote mtakapohamishiwa, ila anashindwa kuanza kwa sababu hajui ukubwa wa chumba cha nyumba ya parishi. Ukienda kuiona nyumba, usiende peke yako. Nendeni wote wawili, yeye ndiye ashike futi, kisha mniletee vipimo vya ukuta wa dirishani na upana wa mlango.

Ni mimi,
Mama yako